Kiputo Kitupu cha Komeo

Ghorofa ya tatu,
juu ya karakana ya washonaji.
Jumatatu, asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa ukimya huu mrefu. Sikuwa mgonjwa wala sikukusahau. Kila nilipoketi kukuandikia nilijiambia ningoje kwanza mambo yatulie, nisije nikakutia hofu ukiwa mbali. Mambo hayakutulia. Sasa nakuandikia nikiwa na hofu mimi mwenyewe, kwa hiyo niazime utulivu wako kidogo.

Hujambo lakini? Shemeji hajambo? Lile goti lililokuwa likimsumbua wakati wa baridi limepata nafuu? Na wale wadogo, bado wanakujibu kwa lugha ya huko unapowauliza kwa lugha yetu? Wasamehe, ila usiwaache. Huku sisi tu wazima wa mwili. Binti yako anakula vizuri lakini halali vizuri, na ni habari zake ninazotaka kukuandikia.

Unajua kwamba tangu nilipostaafu ualimu namsaidia katika jarida lake la katuni. Yeye huchora, mimi huandika na kusahihisha maneno yanayotiwa katika viputo, juu ya vichwa vya watu. Sidhani kama umewahi kumtazama Komeo kwa makini. Wengi hawakumtazama. Alikuwa mtu wa pembeni tu, kibaraka wa yule tajiri mwovu wa hadithi, mwenye mabega mapana na kicha cha funguo kiunoni. Kazi yake ilikuwa kuwafungia watu ndani na kuondoka akipiga mluzi. Binti yako alikuwa akinicheka kwa kumfanya aseme kama hakimu. "Mjomba, jambazi anayefungia wajane hasemi 'tafadhali jongeeni'," aliniambia. Nilimjibu kwamba uovu si sababu ya kusema ovyo.

Kubadilika kwake kulianza kwa kosa. Binti yako, muda ukimbana, hachori kila kitu upya. Hukata picha ya toleo la zamani na kuibandika kwenye ukurasa mpya. Siku moja alimbandika Komeo akiondoka, asione kwamba katika picha ile mlango wa nyuma yake ulikuwa wazi. Kwa hadithi ya toleo lile, ndani ya mlango huo kulikuwa na watu waliofungiwa. Jarida likatoka hivyo hivyo. Wasomaji hawakukaa kimya: Komeo kawaachia, kwa nini kawaachia? Muuza magazeti wa kona alituambia kwamba watu hawamwulizii tena shujaa, wanamwulizia Komeo.

Basi binti yako akalifuata kosa lake lilikokwenda. Toleo lililofuata, Komeo aliacha dirisha bila kulifunga. Baadaye akampa mfungwa maji. Baadaye tena akamdanganya bwana wake, huku jasho likimtoka. Kisanduku kwa kisanduku, yule mtu wa pembeni akasogea hadi katikati ya ukurasa, nami, nisiyempenda mtu ovyo, nikaanza kumpenda.

Sasa sikiliza. Sura ile haikutoka hewani. Binti yako aliichora kwa kumtazama mlinzi wa jengo letu akipita ngazini, pande la mtu asiyemsalimia yeyote, anayeshika funguo zote za mwenye jengo. Hatukudhani kwamba husoma. Kumbe hakosi toleo hata moja, na washonaji wa chini humwita Komeo mbele ya uso wake, wala hachukii.

Karakana yao ina mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni. Mwenye jengo ameamuru ufungwe kwa mnyororo saa za kazi, ati wanawake wasitoroshe vitambaa. Mwezi uliopita mtu alisahau pasi juu ya nguo, marobota yakashika moto, na moshi ukaziba mlango wa mbele. Nilikuwa ngazini, kwenye dirisha linaloelekea uchochoro. Nilisikia vilio ambavyo sitaki kuvieleza. Nilimwona mlinzi akihangaika na kufuli, kisha akiukokota mnyororo kwa mikono miwili. Wote walitoka hai. Mwenye jengo hakumshukuru. Alimwagiza kwamba wakaguzi wakija kuuliza habari za moto, aseme mlango ule haujapata kufungwa. Siku chache baadaye mnyororo ulirudishwa pale pale.

Mtu fulani akamwonyesha mwenye jengo jarida letu, naye akajiona mle. Akatumwa kwetu kijana mmoja nadhifu, mwenye viatu vinavyong'aa. Alichukua ukurasa ambao wino wake ulikuwa haujakauka, akaukunja, akautia mfukoni. Kwa upole kabisa akauliza, "Dada, huyu Komeo ataishia wapi?" Binti yako akamjibu kwamba anunue toleo lijalo kama watu wengine. Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake tulikuta tundu la kufuli letu limejazwa gundi. Kisha balbu ya ngazini ikaondolewa. Sasa kuna wawili wanaosimama ng'ambo ya barabara. Hawanunui kitu, hawaongei, wanatazama juu tu. Nikisikia hatua nje ya mlango huizima taa, mimi niliyekuwa nikinyamazisha darasa zima kwa kukohoa.

Jana mlinzi alikuja. Sikumsikia akipanda, na hilo ndilo lililonishtua, maana siku zote funguo zake humtangulia. Alikuwa amezishika kwa nguvu kiganjani zisilie. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, akatuambia kwamba wakaguzi wanakuja Alhamisi. Wajukuu wake wanalala naye katika chumba cha chini ya ngazi, na chumba ni cha mwenye jengo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, toleo lijalo Komeo anaulizwa nini?"

Nilimwambia kwamba anaulizwa, mbele ya watu, kama mlango ulikuwa umefungwa.

"Na anajibu nini?"

Binti yako alimsogezea ukurasa. Komeo amesimama, kinywa wazi, na kiputo juu ya kichwa chake ni kitupu. Maneno ni kazi yangu, na sijayaandika, ingawa toleo linatoka Jumatano.

Alikigusa kile kiputo kwa kidole. "Yeye hutangulia, mimi hufuata," alisema. "Hata siku ile ya moto nilifungua hivyo. Ila, mwalimu, yeye mkimwua mnamchora tena."

Alishuka kimya kimya kama alivyopanda.

Nikiandika kweli, huenda nikampeleka babu wa watu kaburini na kuwapandisha wale wawili ngazi hizi hadi kwa mwanao. Nikiandika uongo, mnyororo utabaki. Ninapokuandikia, vyerehani vinanguruma chini ya miguu yangu, na mlango wa nyuma umefungwa.

Nimemsihi binti yako aje kwako kwa muda. Amekataa. Nilipomkemea kwamba hii si katuni tena, aliendelea kuchonga penseli. "Mjomba, na wewe ulikuwa dirishani," alisema.

Tangu hapo sijaandika hata neno moja la Komeo. Wakaguzi hawajaniuliza kitu, kwani nani anamkumbuka mzee wa ghorofa ya tatu? Ningeweza kukaa kimya bila mtu kujua. Ningeweza pia kushuka Alhamisi mapema, nikasema nilichokiona kabla mlinzi hajaitwa, ili awe na mtu wa kumfuata asiye wa karatasi. Nimelijaribu neno hilo kwa sauti, peke yangu, na sauti haikutoka.

Mwandalie binti yako mahali pa kulala, hata kama amekataa. Nisalimie shemeji, na mkwe wako, na yule mjukuu wa mwisho ambaye bado sijamwona. Mungu awafunike wote, na milango yenu ifunguke kwa ndani.

Nikishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo. Jarida likikufikia kabla ya barua, tazama kwanza kile kiputo. Ukikuta kina maneno ya kweli, ujue nilishuka.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote.