Nukta za Penseli

Jumatatu, 3 Machi

Ukungu asubuhi, manyunyu mpaka saa mbili, kisha jua hafifu. Nguo za jana bado zina unyevu kwenye kamba.

Mdogo wangu ameanguka tena bafuni. Nilisikia ndoo ikibingirika, nikajua. Midomo imebadilika rangi, macho nusu wazi. Muuguzi wetu wa zahanati anakaa nyumba ya tatu — alikuja miguu mitupu, sindano ya kuzindua mkononi. Dakika nne. Alipofumbua macho akamwomba muuguzi radhi kwa kumkatiza usingizi. Ndivyo alivyo. Hata akifa atawaomba radhi wachimba kaburi.

Saa nne akaniita chumbani kwake, katikati ya maredio ya watu anayoyatengeneza. "Dada, nimechoka na huu unga. Nitafutie mahali."

Miaka mitatu nimesubiri maneno hayo. Nilifurahi. Halafu nikakumbuka daftari la zahanati.

Kazini sikwenda. Nimeomba ruhusa: ugonjwa nyumbani. Angalau hilo ni kweli.

Jumanne, 4 Machi

Mawingu, hakuna upepo.

Nusu ya siku kwenye simu ya ofisi, mlango nimeurudishia. Namba ya msaada kwa watumiaji iliyo kwenye bango la ukutani hapa zahanati — imekatwa, sijui tangu lini. Hospitali kubwa wakanipeleka idara ya macho, mara mbili. Bwana wa macho alikuwa na huruma kuliko wote. Alisema angekuwa na kitanda angenipa, ila kwake wanatibu mtoto wa jicho tu.

Mwisho nikapata kituo cha tiba cha mjini, saa mbili kwa basi. Vitanda vipo. Wanapokea Jumatano. Masharti: barua ya rufaa, na daftari la zahanati ya kwao lioneshe ametibiwa kwa dawa za kulevya walau mara mbili.

"Hapo kwenu si mmeshamtibu?" mama wa mapokezi akauliza.

Nikasema ndiyo, mara mbili, mbali na hii ya jana.

"Basi hakuna shida. Mwambie karani wenu akunakilie."

Nikamshukuru. Karani ni mimi.

Naandika kwa mpangilio nisije nikajidanganya. Kila ugonjwa kwenye daftari una namba yake. Dawa za kulevya ni 31. Kifafa ni 17. Mdogo wangu alipoletwa mara ya kwanza, miaka miwili iliyopita, Mama alinishika kiwiko: nikimwandika mwanawe hivyo, nani atampa redio atengeneze? Nikaandika 17. Pembeni nikaweka nukta ndogo ya penseli, maana uongo mtupu kwenye daftari langu sikuuweza. Nilijiambia nitarudi kurekebisha.

Sikurudi. Mara ya pili, 17 na nukta. Kisha wazazi wengine wakapata habari, wakawa wanakuja dirishani kwangu mmoja mmoja, sauti chini. Nao 17 na nukta. Nilijiona nina moyo mzuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kubwa tangu alfajiri. Paa la stoo linavuja palepale.

Imefika ramani ya jimbo: hali ya matumizi ya dawa za kulevya, mwaka hadi mwaka. Nyekundu, njano, nyeupe. Imechorwa kutokana na namba zetu sisi makarani. Eneo letu ni jeupe pe. Mkuu wa zahanati kaibandika mwenyewe juu ya meza yake, kwa gundi nyingi.

"Tumetakata kuliko sabuni," akasema.

Muuguzi hakucheka. "Na hawa ninaowachoma sindano bafuni ni wageni kutoka wapi?"

"Mimi nasoma namba, dada. Bafu sisomi."

Zitajengwa kliniki tatu za tiba, zote penye rangi nyekundu. Kwetu hapana. Tena kuna maelezo chini: kifafa kimeongezeka mno eneo letu, chanzo hakijulikani, wataalamu watakuja kupima maji ya visima.

Visima! Watu wazima, na gari, na vichupa, watakuja kutafuta ndani ya maji kitu nilichokificha mimi kwa kalamu.

Nilichonga penseli mpaka ikaisha nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Jua. Matope yamekauka juu, chini bado.

Muuguzi kaandika barua ya rufaa, akamwomba mdogo wangu kadi yake ya matibabu aambatanishe. Akaisoma mara mbili.

"Kwa karatasi hizi wewe huna tatizo la unga. Una kifafa."

Mdogo wangu akacheka hadi akakohoa. "Kumbe mimi mgonjwa wa kifafa na sina habari. Nani ameandika?"

"Karani," nikasema.

Akanitazama. Zahanati ina karani mmoja. Njia nzima ya kurudi alinibebea mkoba. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi

Mawingu, kisha joto.

Mama anasema daftari nisiliguse. Nikamwuliza, mtoto je? Akasema Mungu ataona la kufanya. Akaendelea kuchambua mchele, na mawe akayarudisha kwenye mchele. Sidhani kama aliona.

Jioni nilikutana na mwalimu wangu wa sekondari, yule aliyenifundisha kuandika herufi zilizosimama wima. Amestaafu. Mwanawe wa mwisho ana nukta mbili kwangu. Akanipa mkono, akaushika muda mrefu. "Ulitusitiri, mwanangu. Sijasahau."

Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 10 Machi

Ukungu tena. Baridi ya kuvaa sweta.

Nilifika kazini kabla ya mfagizi. Nikahesabu nukta, kurasa zote, miaka yote miwili. Arobaini na moja. Nilidhani labda ishirini. Nimehesabu upya kutoka nyuma: arobaini na moja.

Nikajaza karatasi ya marekebisho, ile ya pinki. Husainiwa na karani na mkuu, wote wawili. Nikamwekea mkuu mezani, nikabaki nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani.

Alisoma polepole. Hakupiga kelele. Akainuka, akafunga dirisha.

"Nikisaini hii, ramani inakuwa nyekundu, na mimi na wewe tunakwenda kulima," akasema. "Na hao watu waliokuja kwako kwa siri, umewauliza?" Nikamwambia jimboni zinakwenda namba, majina hayaendi. Akasema jimboni hayaendi majina, lakini wakaguzi watakuja hapa, na hapa majina yapo.

Halafu akalainika. Akachukua karatasi nyingine ya pinki, tupu. "Mdogo wako ni mistari mingapi?"

"Miwili."

"Miwili nasaini sasa hivi. Watu hukosea. Hiyo thelathini na tisa iache ilipo, tutaiangalia siku moja."

Nilijua vizuri hiyo siku moja. Niliwahi kujiahidi hiyohiyo.

Jumanne, 11 Machi

Sikuangalia hali ya hewa.

Nimechukua mistari miwili.

Jumatano, 12 Machi

Mbingu safi tangu alfajiri, umande mwingi. Basi la kwanza.

Mdogo wangu alitetemeka njia nzima, koti langu mabegani. Alitapika mara mbili kwenye mfuko, akaufunga fundo zuri kama anafunga zawadi. "Dada, wakinikataa usilie mbele yao. Utawatia aibu."

Hawakumkataa. Yule mama wa mapokezi ni mfupi kuliko sauti yake. Akaisoma karatasi ya pinki, akapiga muhuri. Kitanda namba 6, wiki nane. Mlangoni mdogo wangu aligeuka akataka kusema kitu, akanirudishia koti tu.

Nikatoka getini nikiwa mwepesi kama nimetua gunia. Nakiri. Kwa hatua kumi hivi nilikuwa na furaha.

Kwenye benchi la nje alikaa mwalimu wangu na mwanawe. Kijana anatokwa jasho, magoti yanagongana. Kumbe walikuja na basi lilelile, viti vya nyuma. Mwalimu alikuwa ameshika kadi.

"Wanasema mwanangu ana kifafa. Wanasema tumpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu." Akaninyooshea kadi nisome, kama vile mimi sijui kilichomo. 17, herufi na tarakimu zimesimama wima, alivyonifundisha. "Nimewaambia tuliomba iandikwe hivyo. Wanasema bila karatasi hawawezi. Wa kwako wamempokea. Uliwapa karatasi gani?"

"Ya marekebisho, Mwalimu."

"Na ya huyu ipo?"

Laiti angeniuliza lolote lingine. Nikasema ipo, bado haijasainiwa. Nikasema nitaifuatilia.

"Basi tunasubiri wewe," akasema. Hakusema kwa ubaya. Akampangusa mwanawe uso kwa kola ya shati lake mwenyewe.

Tumerudi watatu kwa basi moja. Kijana alilala begani kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekaa katikati. Jumatano nyingine ni siku saba.

Nimefika nyumbani saa kumi. Mama kaniuliza kama wamempokea, nikasema ndiyo, akaingia chumbani kwake kulia. Nimetandika kitanda cha mdogo wangu. Nimezima redio moja aliyoiacha ikinguruma.

Kisha nimekaa mezani. Ile karatasi ya mistari arobaini na moja bado ninayo, saini yangu peke yake. Nimefuta miwili ya kwanza, ya mdogo wangu, kwa mstari wa rula, imebaki thelathini na tisa. Nimeiweka kwenye bahasha. Nimeandika anwani ya ofisi ya jimbo, moja kwa moja, bila kupitia kwa mkuu. Mwandiko umesimama wima. Mdomo wa bahasha sijaulamba.

Iko hapa karibu na taa. Nimeigeuza mara kadhaa.

Posta wanafungua saa mbili, kazini naingia saa mbili. Nimetega saa ya kuamsha saa kumi na mbili kamili.

Nalala. Saa tatu na dakika ishirini.