Kumpeleka Mama Limuru

Jumapili, Aprili 1982. Buruburu.

Mvua imetuachia leo. Jua lilitoka asubuhi na mapema, nguo za wiki nzima zikapata kukauka, na mimi niliamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Mama yangu yuko nasi tangu mwezi uliopita kwa ajili ya macho. La kushoto limeshakwenda. Daktari anasema la kulia litapona akibaki Nairobi amalize kliniki. Analala chumba cha binti yetu Mueni, ambaye yuko shule ya bweni. Sasa, sisi Wakamba, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Kwetu Machakos si shida, mtu humwona mwenzake kwa mbali akapinda njia nyingine. Hapa Buruburu kuna ukumbi mmoja mwembamba na choo kimoja. Utapinda uende wapi?

Basi nimegeuka tarishi. Baba Mueni akitaka kuoga, naenda kumwambia Mama asitoke. Mama akitaka kuota jua, naenda kumwambia Baba Mueni aingie chumbani. Napakua chakula mara mbili, changu nakula nimesimama. Kesho yake ofisini nachapa barua za watu macho yakinifumbika.

Alhamisi nilichelewa kutoka kazini, wakagongana ukumbini. Kugongana kabisa, bega kwa bega. Mama alijifunika kanga usoni, akarudi chumbani, hakula. Ijumaa akaniambia Jumatatu anarudi kwake.

“Sioni tena,” akasema. “Nitampishaje mtu nisiyemwona?”

Nilimwambia atapofuka. Akasema afadhali apofuke na heshima yake. Nililia jikoni, naye akanisikia, na hakubadili neno.

Jumatatu ni kesho.

Ndiyo maana nilimpeleka Limuru. Kina mama wa kanisa walikodi basi kwenda kwa mjane mmoja Mzungu ambaye Jumapili hufungulia watu bustani yake. Nilidhani labda hewa itambembeleza kunishinda mimi. Mama aliketi mbele, Baba Mueni kiti cha mwisho kabisa, na mimi katikati, kama kawaida.

Bustani ile ni kubwa mpaka nilikasirika. Nyasi tupu, hazina hata mbuzi. Waridi zimechanua kwa sababu ya mvua, na nyuma ya nyumba kuna msitu wa miti mikubwa, chini kubichi, kunanuka majani yaliyooza. Mama alishika kila waridi akaniuliza rangi yake. Ile ya manjano aliiona mwenyewe, alipoisogeza karibu na jicho. Alifurahi kama mtoto. Mimi nikainama nikajifanya nafunga kiatu.

Nilimketisha kwenye benchi kando ya michongoma mirefu, imekatwa sawasawa mpaka imekuwa ukuta. Jirani yangu Mama Wanjiru akanivuta mkono.

“Wewe Mama Mueni, wacha kukimbia-kimbia. Kuja tuone mbega. Huyu mama amekaa, ataenda wapi?”

Tukaingia msituni. Mbega niliwaona mikia tu, huko juu mitini. Niliketi kwenye gogo nipumzike kidogo, na hapo hapo usingizi ukanichukua. Mbele ya watu wa kanisa, mdomo wazi.

Nilipozinduka Mama Wanjiru hayupo. Wazo la kwanza: nani anamchunga Mama? Nikarudi mbio, na kabla sijafika nikasikia sauti ya Baba Mueni. Nikasema basi, wamegongana tena, sasa Mama hatangoja hata kesho.

Hawakuwa wamegongana. Mama yuko benchini, ameelekea waridi. Baba Mueni yuko ng'ambo ya michongoma, amempa mgongo. Hawaonani hata kidogo, na wanaongea. Kuongea si mwiko, mwiko ni kuonana. Wanaongea juu ya ng'ombe wa Mama aliyekataa kushika mimba! Mama anacheka. Mwezi mzima nyumbani kwangu sijamsikia akicheka.

Nilisimama nyuma ya mti, sikuthubutu hata kupiga chafya.

Kisha Mama akauliza, “Lakini Baba Mueni, mbona ndani ya nyumba unanyata?”

Akasema huwa anavua viatu mlangoni na kutembea kwa vidole, asimsumbue. Mama ni mgonjwa, tena ni mkwe wake. Ni heshima.

“Heshima gani hiyo?” Mama akasema. “Macho yangu ndiyo mabovu, masikio ninayo. Vaa viatu. Kohoa. Nikikusikia, nitakupisha mimi mwenyewe.”

Nilikasirika. Nikacheka. Nikakasirika tena, maana mimi pia nilikuwa nikimwambia Baba Mueni atembee polepole. Nimebeba maneno yao mwezi mzima miguu ikavimba, na hili moja hakuna aliyenipa nilibebe.

Kwenye basi hakuna aliyetaja kesho. Nami sikuuliza, niliogopa jibu.

Sasa ni jioni, naandika huku ugali uko motoni. Baba Mueni amepita ukumbini na viatu vya kazi, ko, ko, ko, anakohoa kama mtu wa kifua. Majirani watadhani ameugua. Mlango wa Mama ukasikika ukirudishwa polepole.

“Pita, mwanangu.”

Akapita. Viatu vikafika mwisho wa ukumbi. Halafu sauti ya Mama tena, kutoka ndani:

“Baba Mueni, ile kliniki yangu ni Jumatano ama Alhamisi?”

“Jumatano, Mama.”

Mimi nilikuwa nimeshasimama, mwiko mkononi, kwenda kuchukua jibu.

Nimeketi tena.