Mkwe wa Stendi

Stendi ya Mabasi, Mbeya
4 Machi 1974

Mwanangu Ikupa,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, ni mguu tu unaouma mvua ikinyesha, na mvua ya Mbeya unaijua ilivyokosa adabu. Je, wewe na wanafunzi wako hapo Kihesa hamjambo? Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Mwalimu wa kisomo anasema herufi zangu zinayumba kama walevi, lakini zinafika.

Umeniuliza kama ni kweli uliyosikia juu ya stendi. Ni kweli. Vijana wamekalia ukuta ulio mbele ya meza yangu ya uji, wanavuta bangi mchana kweupe na kuwatukana wasichana wanaoshuka kwenye mabasi. Juzi mzee mzima kutoka Mbalizi alivuliwa kofia, wakairusha juu ya bati. Mama Roza amehamisha maandazi yake. Mimi sihami. Nimekaa hapa tangu baba yako alipofariki, na uji huu ndio uliokusomesha mpaka ukawa mwalimu.

Mama yako,
Tusekile

Kihesa, Iringa
17 Machi 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inatuonea. Mguu uukande kwa maji ya moto, usiwe mvivu.

Barua yako imenitia hofu. Hama, mama. Njoo Kihesa, chumba changu kinatutosha. Wahuni hawana mama wala mjomba, hawatakuonea haya wewe. Wakikuumiza, huo ushujaa wako nitaufanyia nini?

Mwanao,
Ikupa

Mbeya
11 Aprili 1974

Mwanangu Ikupa,

Salamu nyingi. Mguu nimeukanda. Habari za baridi?

Umesema wahuni hawana mama. Neno hilo nililitafuna siku nzima. Kesho yake mkubwa wao, Silvester, Mbena wa Njombe, alipotoa msokoto nilimwita kwa sauti stendi yote isikie: "Mkwe wangu, njoo unywe uji."

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini yeye aliuficha mkono nyuma. Mhuni gani atavuta bangi mbele ya mama mkwe? Hata matusi yalimkwama. Sasa nawaita wote wakwe, Yotamu mkwe, Mika mkwe. Wanaona aibu, wakitaka kuvuta wanakwenda huko nyuma ya maghala. Silvester yeye ameacha kabisa, na ananichotea maji.

Jumatano mgambo walikuja kukamata wazururaji, wakawachukua wote. Wakataka na meza yangu iondoke, eti nawafuga wahuni kwa uji. Nikafuatana nao mpaka ofisini. Bwana mkubwa wa pale akaniuliza Silvester ni nani wangu. Nikamwambia ni mkwe wangu, andika. Akaandika kwamba vijana wana ndugu mjini, si wazururaji, akawaachia wote, na meza ikabaki.

Mjomba wake Silvester alinijia na jembe jipya, nadhani la kunishukuru. Limenifaa sana. Nimezibua nalo mtaro, maji hayaingii tena chini ya meza.

Mama yako,
Tusekile

Kihesa, Iringa
28 Aprili 1974

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima ila nina hasira, kwa hiyo salamu ni fupi.

Nilimsomea barua yako mwalimu mwenzangu Helena, ambaye ni Mbena. Tulicheka sana mpaka tulipofika kwenye jembe. Hapo Helena akaacha kucheka. Sisi Wanyakyusa tumezoea ng'ombe, lakini anasema kijijini kwao jembe ndiyo posa. Ukilipokea umekubali, na wewe umeshalitia udongo. Mama, umeniozesha kwenye mtaro.

Mimi sijamwita mtu mkwe. Huyo Silvester simjui wala simtaki. Najua ukisema hivyo ofisini wataona uliwadanganya, na meza wataiondoa. Waiondoe kama ni lazima. Mimi si mguu wa meza yako. Lirudishe jembe, na useme kwa kinywa chako mwenyewe kwamba nimekataa.

Mwanao,
Ikupa

Mbeya
20 Mei 1974

Mwanangu Ikupa,

Ndaga, asante kwa barua yako, ingawa iliniunguza. Mguu una nafuu. Nimechelewa kujibu kwa sababu na mimi nilikuwa na hasira. Nilitaka kukuandikia kwamba ni mimi niliyekuzaa. Halafu nikakumbuka nilivyokataa kurithiwa na ndugu wa baba yako, nikaja kukaa stendi na sufuria yangu. Huo ukaidi hukuuokota Iringa.

Alhamisi nililiosha jembe nikamrudishia mjomba wake mbele ya watu. Nikasema sikujua desturi yao, na binti yangu amekataa. Aliondoka bila kuaga. Kisha nikaenda ofisini nikamwambia yule bwana afute neno mkwe. Akasema basi Jumatatu meza inaondoka. Nikamwambia Jumatatu atanikuta.

Ijumaa Silvester alikuja akakaa ukutani palepale pa zamani. Akatia msokoto mdomoni, akashika kiberiti, akanitazama.

Nikamwambia, "Binti yangu amekukataa. Mimi sijakukataa."

Alikaa na kile kiberiti mpaka basi la Tukuyu likajaa likaondoka. Mwisho akautupa msokoto mtaroni, akachukua ndoo yangu akaenda bombani.

Leo ndiyo Jumatatu, nakuandikia juu ya meza yenyewe. Mgambo nawaona wanavuka barabara. Silvester ameshika pembe moja ya meza, Yotamu ameshika nyingine, na Mika amekumbatia sufuria. Yule bwana mkubwa amekuja nao, ana faili lake kwapani. Akiniuliza hawa ni nani wangu, safari hii sidanganyi. Nitamwambia ni wanangu, andika.

Mama yako, na yao,
Tusekile