Majina ya Penseli

Mbarara, 4 Agosti 2024

Dada Cansilde,

Pokea salamu nyingi, mpaka Gisa dereva alalamike gari yake imelemewa. Hujambo? Mgongo unasemaje? Na yule kuku wako mkali bado anafukuza wageni? Mimi niko mzima, ni goti tu la kushoto, na hilo tumezoeana.

Siku hizi nauza macho. Usicheke. Nimefunga ubao shingoni, miwani thelathini zinaning'inia kifuani, nazunguka soko hapa Mbarara. Jumanne niko Biharwe, Alhamisi Bwizibwera kwa watu wa maziwa. Juzi mzee mmoja wa Bwizibwera amejaribu saba. Ya nane akaangalia ng'ombe wake, akasema, "Sebo," yaani bwana, "hii inasema ukweli, ng'ombe wangu amekonda." Nikamwambia, mzee, rudisha nikupe inayodanganya. Akachukua hiyo.

Gisa ameniambia umeingia kikundi cha kuandika koo, kila Jumapili baada ya misa. Dada, sisi tuna ukoo gani wa kuandika? Mtamaliza dakika mbili, mbaki mnakunywa chai. Lakini amesema herufi zinakukimbia, basi nimempa akuletee miwani ya karibu. Vaa ukiandika tu. Ukitembea nayo utaanguka shimoni, halafu kikundi kipate kazi.

Mdogo wako,
Ciza Rénovat

*

Nakivale, Kabazana, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu Ciza,

Salamu. Mimi sijambo, mgongo ni ule ule. Kuku alikufa. Miwani imefika, naona mpaka mistari ya kaye, hili daftari letu la kikundi.

Usicheke kikundi chetu. Tuko familia kumi na tisa. Kila familia ina kaye yake, na sheria ni hii: mtu aliye hai na anayejulikana yuko wapi, jina lake linaandikwa na biki. Aliyekufa anaandikwa na biki na msalaba, lakini lazima mtu aliyeona aweke maneno yake kwenye karatasi na kusaini. Asiyejulikana anaandikwa na penseli. Tarehe mbili Novemba padri anasoma wote wenye msalaba. Wa penseli hawasomwi.

Tulifika ukurasa wetu. Libérate ndiye katibu, unamjua, mjane wa fundi baiskeli. Alisoma: Baba, Mama, Cansilde, Ciza. Akaweka kalamu chini. "Jina Ciza kwetu anapewa anayezaliwa nyuma ya mapacha. Sijaona Ciza wa peke yake. Mapacha wako wapi?" Watu wakacheka. Mimi nikasema Bukuru alikufa na kipindupindu kule kambini Tanzania, mimi na Mama tulimzika. Nikasaini. Butoyi, pacha wake, akaingia na penseli.

Wewe ndiye uliyemwona Butoyi mwisho. Mimi, Mama na Bukuru tulikuwa tumeshavuka mto, tukikimbia Burundi kuingia Tanzania. Wewe ulimwambia Mama amepanda mtumbwi wa pili. Andika hivyo kwenye karatasi, mistari miwili inatosha. Watapiga picha ukurasa watume kwa vikundi vya Warundi vilivyobaki kambi za Tanzania.

Na nitafutie miwani ya mbali. Malori ya wageni, wakimbizi wapya, yakifika hapa Kabazana mimi huenda na viazi, nasimama kwenye kamba, naangalia wanaume. Butoyi sasa atakuwa na miaka thelathini na sita. Sikio lake lile lililoungua na uji bado nalikumbuka, lakini sasa nyuso zote zinakuwa ukungu. Mwezi wa sita nilimvuta mtu shati, kumbe Mkongo wa Uvira. Alichukua viazi, akanishukuru.

Dada yako,
Cansilde

*

Mbarara, 15 Septemba 2024

Dada,

Hujambo sana? Pole na kuku, Mungu amlaze alikolazwa, natumaini ni kwenye sufuria. Huku tunasukuma. Askari wa jiji alinishika, akasema, "Wewe Mrundi, leta leseni ya udaktari wa macho." Nikamwambia afande, mimi si daktari, mimi ni dirisha. Alicheka akaondoka na miwani ya jua. Sasa anakamata watu akiwa amependeza.

Miwani ya mbali ni shida kidogo. Ya mbali lazima upimwe. Siwezi kukupa yoyote tu, utaona watu ambao hawapo.

Hiyo karatasi nitaandika nikipata nafasi. Mimi na kalamu hatupatani, unajua nilitoka shule darasa la tatu, na mwalimu alifurahi.

Mdogo wako,
Ciza

*

Kabazana, 29 Septemba 2024

Ciza,

Salamu. Sijambo.

Umeandika habari za askari mistari minne. Ndugu yako nimekuomba miwili.

Nataka uelewe, labda ulikuwa mdogo sana. Bukuru alipokufa Mama alikataa kuondoa matanga. Alisema mapacha walikuja pamoja, matanga hayaondolewi nusu wakati mwenzake yuko njiani. Amekufa akiwa bado kwenye matanga. Mimi nimebaki nayo. Mwaka 2017 mtu mmoja alitaka kunioa, nilisema ngoja. Yule mtu hakungoja, na sikuona kitu ndani yangu, si uchungu, si nini. Ni kama mguu uliolaliwa.

Libérate amesema bila karatasi anafunga kaye kabla ya Novemba.

Alhamisi lori limekuja. Nilienda. Niliona ukungu umeshuka ukiwa na mizigo.

Dada yako,
Cansilde

*

Mbarara, 27 Oktoba 2024

Dada Cansilde,

Salamu. Natumaini uko mzima.

Gisa anakuletea kifurushi. Ndani kuna miwani ya mbali. Nilikuwa nayo kwenye ubao toka Agosti.

Hii hapa chini ndiyo karatasi. Ukate umpe Libérate.

Mimi Ciza Rénovat nilikuwa na miaka mitano. Butoyi alinibeba mgongoni kwenye mafunjo mpaka mto Malagarazi. Njiani alikuwa amevunja muwa kwenye shamba la watu, akanipa ninyamaze. Tulipofika mtumbwi ulikuwa umejaa. Alinisukuma ndani, nikaangukia mapaja ya mama mmoja. Yeye akashika ukingo. Mwenye mtumbwi akasema achia, tutazama wote. Hakuachia. Akampiga vidole na kasia, mara mbili. Akaachia. Kichwa kilitoka juu mara moja. Halafu hakikutoka. Hakukuwa na mtumbwi wa pili, ule ulikuwa wa mwisho. Nilikuwa natafuna muwa. Niliendelea kutafuna. Nimeona na macho yangu. Ciza Rénovat.

Hapo kata.

Sasa ni mimi na wewe. Tulipofika ng'ambo Mama alikuja mbio. Akaniuliza, "Butoyi yuko nyuma? Amepanda mwingine?" Mdomo ulikuwa umejaa muwa, nikatikisa kichwa ndiyo. Nilitikisa tu ili nimeze. Mama akacheka, akanibeba juu. Hakuna mtu aliyeniuliza tena. Mmeuliza kambi zote, Msalaba Mwekundu, mapadri, hakuna aliyerudi kuniuliza mimi. Halafu nikakua, na kila nikitaka kusema namwona Mama anacheka.

Ninachekesha watu kutwa nzima. Jioni nikivua ubao sisikii kitu shingoni, wala uzito wala uchungu.

Ciza

*

Kabazana, 10 Novemba 2024

Ciza,

Salamu. Karatasi imefika.

Nilimpa Libérate. Alisoma mara mbili, kisha akanitoa miwani usoni, akaifuta na kitenge chake, akanirudishia. Alifuta penseli na raba, akaandika na biki, na msalaba. Tarehe mbili padri alisoma Bukuru na Butoyi pamoja.

Nimekaa nangoja hasira. Haijafika. Nimepika, nimefagia, nimeangalia njia.

Alhamisi lori lilikuja, miguu ikaenda yenyewe. Nilivaa ile ya mbali. Niliona kila uso, mpaka mwanaume mmoja mwenye jino la dhahabu nyuma kabisa. Sikuwa na mtu wa kutafuta. Nilisimama na viazi, sikujua sasa nisimame wapi.

Matanga ya wote wawili tutayaondoa Jumapili tarehe 24. Pombe ya ndizi iko. Lazima uwepo, wewe ndiye uliyewafuata. Njoo na gari ya Gisa.

Dada yako,
Cansilde

*

Kabazana, 15 Desemba 2024

Ciza,

Salamu. Sijui kama uko mzima, ndiyo maana nauliza.

Tarehe 24 tulikungoja mpaka pombe ikachacha. Watu walikunywa hivyo hivyo kwa heshima. Matanga hatukuondoa.

Gisa anasema hakuoni sokoni. Muuza soksi amemwambia ulimwachia ubao na miwani zote, ukasema unaenda Endiinzi kuchunga ng'ombe za watu. Wewe na ng'ombe. Barua hii Gisa anampa mtu wa maziwa anayefika huko.

Leo kikundi kimefunga kaye yetu. Libérate alipofika kwa jina lako akaniuliza, "Huyu yuko hai?" Nikasema yuko. "Yuko wapi?" Nikasema Endiinzi, nafikiri. "Umemwona?" Nikasema sijamwona. Akanitazama. "Cansilde, sheria hii uliiandika wewe na mimi." Akachukua penseli.

Sikumzuia. Lakini nilipoona Ciza kwa penseli nikatoka nje nikalia mpaka watoto wa shule wakasimama kuangalia. Toka mto ule sikuwa nimelia. Sasa najua bado naweza kulia.

Ulikuwa na miaka mitano na mdomo umejaa. Mimi nilikuwa na kumi na tatu na sikuuliza mara ya pili. Tutagawana.

Libérate ameacha raba ndani ya kaye, kwenye ukurasa wetu.

Kwa malori siendi tena. Jumapili nakaa steji, pale Gisa anaposhusha watu, na viazi, nimevaa hiyo miwani yako ya mbali.

Dada yako,
Cansilde