Jiwe Bado Lipo, Wapimaji Wameondoka

Likasi, Jumatatu asubuhi

Baba yangu,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Mama mdogo na wote wa nyumbani Kasongo. Ule mguu wako umepungua uvimbe? Sisi tu wazima. Saidi, mume wangu, alipunguzwa kazini, sasa anavua samaki katika ziwa la Tshangalele na kurudi Ijumaa. Barua hii inaletwa na dereva wa Kongolo. Umpe jibu huyo huyo.

Uliuliza kwa nini mji uliokuwa ukila mkate kila asubuhi leo unakula mara moja kwa siku. Wengi hapa wanasema shaba imekwisha. Haijakwisha. Nitakueleza nilichokiona katika maabara ya kiwanda, nilikofanya kazi miaka yote hii.

Kazi yetu ilikuwa kupima mawe. Unalisaga jiwe, unaliyeyusha kwa asidi, kisha unadondosha dawa tone kwa tone mpaka rangi ya buluu ipotee. Hapo unajua shaba ni kiasi gani, na mafundi wa tanuri wanajua la kufanya. Aliyenifundisha ni mkuu wetu, Mzee Kalonji. Wanga wa kupimia, ule unaotoa hiyo buluu, ulipoacha kuja kutoka Ulaya, alichemsha muhogo wa mke wake, ukafanya kazi vile vile.

Kisha wanasiasa wakaanza kusema mikutanoni kwamba watu wenye asili ya jimbo la Kasai, kama Mzee Kalonji, warudi kwao. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba. Mzee Kalonji na familia yake wakalala wiki nyingi stesheni chini ya turubai, wakingoja treni. Nilimpelekea bukari, ugali wetu wa huku, na samaki.

“Kasai minye siijui,” aliniambia. “Minye nilizaliwa hapa. Hata baba yangu alizikwa hapa.” Akala kidogo. “Mama Mwamini, ile dawa usiitengeneze na maji ya bomba. Iko na chumvi mingi.”

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Baadaye nilisikia mke wake alifia njiani.

Mahali pake akawekwa Bwana Félix, mpwa wa mkubwa fulani. Alisomea sheria. Si mtu mbaya wa kuongea naye, ila hakujua kusoma mizani. Tanuri moja ikaharibika kwa kulishwa mawe yasiyopimwa. Siku moja nilipima mawe ya malori yaliyokuwa yanakwenda nje ya nchi, nikaona ni mazuri sana.

“Andika iko maskini,” akasema. “Lazima ipite mpakani kama jiwe ya bure, ushuru ikuwe kidogo.”

“Patron, hii jiwe iko tajiri. Nimeipima mara tatu.”

“Weye unapima, minye naamua.”

“Basi andika weye, na sahihi ikuwe yako.”

Akaandika. Mimi nikahamishiwa ghalani kuosha chupa, na miezi michache baadaye maabara ikafungwa. Malori yanaendelea kupita. Nyumba ya Bwana Félix imepata ghorofa. Mtaani kwetu bomba limekauka. Sikulia, Baba. Nilichoka tu.

Jiwe liko pale pale lilipokuwa wakati wa babu zetu. Walioondoka ni wale waliojua kulifanya shaba, na tuliobaki tuliambiwa tuandike uongo. Sioni jinsi mji utakavyoendelea hivyo.

Sasa kuhusu mjukuu wako Rehema. Umeagiza nimlete huko aolewe, kwa kuwa shule za hapa hazifundishi kitu. Ni kweli, shule yake haikuwa na mwalimu wa kemia. Yule wa mwisho alikwenda Zambia kuuza nguo. Wazazi wenzangu walikuja kuniomba nishike darasa. Nikakataa mara mbili, kwani sina chupa wala asidi. Rehema akaniambia, “Mama, weye unajua hii kazi. Sasa nani mwingine?”

Nilianza mwezi uliopita. Tunatumia limau, majivu, na maua mekundu ya uani, ambayo maji yake hubadilika rangi. Watoto wanaandika wanachokiona, si wanachoambiwa. Rehema anakaa mstari wa mbele. Hatakuja, Baba. Nisamehe kwa kukujibu hivi kwenye karatasi.

Nisalimie kaka yangu fundi cherehani, shangazi anayeuza chumvi sokoni, na mwalimu wa madrasa aliyenishika mkono nikaandika alifu ya kwanza. Mungu akupe usingizi mwema.

Ni mimi binti yako,
Mwamini