Raba Tatu Kwenye Msumari

Jumatatu, 6 Agosti 1984

Goti bado linauma. Chai ya rangi tena, ng'ombe amekauka. Kathonzweni kwa baiskeli, kama kila Jumatatu tangu kamati ya kanisa inipe kazi hii. Kazi yenyewe ni kuwatazama vijana wawili walioazimwa stoo ya zamani ya pamba, kisha kusema kama wanastahili kubaki nayo. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa fundi katika karakana ya reli hadi nilipostaafu. Nami huwakumbusha watu jambo hilo hata wasipouliza.

Kioko na Mwende. Walisoma pamoja polytechnic ya kijiji. Si ndugu, si wachumba, ni washirika, ingawa soko zima limekataa kuamini. Walipaka rangi bango kabla hawajatengeneza kitu hata kimoja: KIOKO NA MWENDE, MABOMBA YA MAJI. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka. Sasa naona wivu. Katika umri wao mimi niliomba kazi. Hawa wameianzisha.

Bomba lao ni paipu, mpini wa mbao, na pistoni yenye kipande cha ngozi ya mbuzi kinachobana maji yapande. Wanasema wataweka moja kwenye kila mto wa mchanga, kuanzia hapa mpaka Kitui. Ukutani pana msumari, na vipande vitatu vya raba vilivyolika kingo. Sikuuliza ni vya nini.

Jumatano, 8 Agosti

Mchungaji, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, amekuja nyumbani. Mfanyabiashara wa mahindi anaitaka ile stoo. Bomba litajaribiwa mtoni Alhamisi ya wiki ijayo, mbele ya watu. Likitoa maji, vijana wanabaki. Lisipotoa, wanatoka.

Syokau, mke wangu, alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Yeye na wenzake wa mwethya, kikundi chao cha kazi za pamoja, wanachimba mchanga wa mto kwa zamu kutafuta maji tangu Juni, na maji yanazidi kushuka. Sasa mwanamke mmoja anaingia shimoni na wenzake wanashika kamba. Jana ukingo uliporomoka ukamfunika mmoja wao hadi kifuani. Walimtoa akiwa hai. Syokau alisimulia huku akichambua kunde, bila kuinua macho.

Hilo bomba lazima lifanye kazi.

Jumamosi, 11 Agosti

Leo nimewabadilishia pistoni. Ngozi ya mbuzi! Karakana yetu ingewafukuza. Nilikuja na raba nzito ya tairi kutoka nyumbani, nikaikata mwenyewe, ikaingia kwenye paipu ikiwa imebana sawasawa. Nikawaambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kioko alimtazama Mwende. Mwende akatazama ukuta.

"Sawa, mzee," Kioko akasema.

Tulijaribu ndani ya pipa. Maji yaliruka yakagonga bati. Nimerudi nyumbani nikiimba, jambo ambalo Syokau aliliona akaguna.

Jumanne, 14 Agosti

Pipa tena. Maji safi, mengi, bila tone kuvuja. Kioko anafanya kazi kimya. Nadhani ni heshima.

Alhamisi, 16 Agosti

Aibu.

Watu walikuwa wengi, mpaka wenye maduka walifunga. Kioko alishika mpini. Maji yalitoka, ya rangi ya udongo, na wanawake wakapiga vigelegele. Ndoo ya kwanza ikajaa. Ya pili haikufika nusu. Mpini ukawa mzito, kisha mzito zaidi, kisha ukakwama. Kioko akaegemea kwa uzito wake wote na mbao ikavunjika mkononi mwake. Akatokwa na damu kidogo. Watoto walicheka.

Mchungaji akaambiwa kilichokwama ni pistoni, akauliza ni nani aliyeiweka. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Ni sisi, Mchungaji," Kioko alisema. "Makosa ni yetu."

Mimi nilikohoa. Hilo tu ndilo nililofanya. Nilikohoa.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimekwenda stoo. Hawakuwepo. Bomba lilikuwa sakafuni, nikalifungua. Mchanga umeingia kati ya raba na paipu, ukashikilia, ukatafuna. Nimezaliwa ukingoni mwa mto huo. Nimekula mchanga wake kwenye ugali tangu utotoni, na katika hesabu zangu zote sikuukumbuka. Karakana ilikuwa na mafuta na matambara safi. Mto hauna.

Nilipoinua kichwa niliona ule msumari. Vipande vitatu vya raba, kingo zimeliwa vilevile kama changu.

Walikuwa wameshajaribu raba. Mara tatu. Ndiyo maana wakarudi kwenye ngozi, ambayo ni laini na huacha chembe zipite. Walijua tangu Jumamosi, nami nikiwaimbia methali. Nani angeniambia? Mzee wa kanisa, tena mwenye stoo yao mkononi. Kwetu mtoto hambishii mzee. Wangu niliwalea hivyohivyo, na kwa fimbo.

Hawa walisikia la mkuu. Guu likavunjika vilevile.

Jumapili, 19 Agosti

Wakati wa ushuhuda nilikuwa na maneno tayari. Nilishika benchi la mbele yangu. Akasimama mama mmoja akamshukuru Mungu kwa mjukuu. Akasimama mwingine. Wakaimba. Sikusimama.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumatano, 22 Agosti

Kamati imekaa. Stoo anapewa mfanyabiashara, vijana watoke kabla ya mwisho wa mwezi. Niliombwa maoni kama fundi. Nikasema vijana wana bidii. Ni kweli, na haikuwasaidia kitu. Wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba bomba lilishindwa kwa ukosefu wa ujuzi. Nikatia sahihi.

Syokau hajaniambia neno tangu Alhamisi ile, ila "chakula ni hiki". Aliniona nikiondoka na ile raba. Leo alfajiri amekwenda zamu yake shimoni.

Jumapili, 26 Agosti

Nimesimama.

Nilisema raba ni yangu, niliikata kwa mkono wangu, vijana walijua vizuri kuliko mimi, na siku ya majaribio niliwaacha wabebe kosa langu. Nilisema pia kuhusu ile sahihi. Hakuna aliyesema amina.

Baada ya ibada mzee mwenzangu alinivuta kando, akasema haifai mtu wa umri wangu kujivua nguo kwa ajili ya watoto. Nilikasirika, nikaenda kuchukua baiskeli yangu. Mchungaji alisema Mungu husamehe, ila mfanyabiashara amekwisha kupewa ufunguo.

Syokau alinipakulia maharagwe. Kisha aliketi nami hadi nikamaliza.

Jumatatu, 27 Agosti

Nilitaka kumwambia Kioko uso kwa uso. Amekwenda. Juzi Jumamosi alipanda lori la Mombasa pale Salama, kwenye barabara kuu, kutafuta kazi yoyote. Siku moja tu kabla sijafungua mdomo. Siku moja.

Mwende alikuwa akiteremsha bango. Nikamwomba msamaha. Ni binti wa umri wa kitindamimba wangu, na sikufundishwa namna ya kusema hivyo kwa mtoto. Nilisema vibaya, lakini nilisema. Aliliegemeza bango ukutani kwanza.

"Mzee, sisi tulikuwa tunataka tu maji itoke," akasema.

Nikamwambia nina banda la ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe ni mmoja. Alale nje. Akachukua vyombo vya kazi, mimi nikafunga paipu kwenye baiskeli. Tukatembea hadi nyumbani.

Jumamosi, 8 Septemba

Mtoni mapema, kabla ya jua kuwa kali. Hatukumwita mtu.

Mimi ndiye niliyekata ngozi. Nilikuwa nimeilowesha mafuta siku mbili. Nikaikata ibane vizuri, mazoea hayaachiki. Mwende akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hapana, mzee," alisema. "Hii ni kubwa. Punguza."

Nikapunguza. Akaitazama tena, akasema bado. Nikapunguza tena.

Maji yalitoka. Machafu kwanza, kisha meupe, na mpini mpya ukabaki mwepesi. Hakukuwa na vigelegele. Wanawake walikuja mmoja mmoja na vibuyu na madebe, wakapanga mstari, na mwanamke aliyekuwa shimoni akavutwa juu kwa kamba, akakaa kando akijipangusa miguu. Alikuwa Syokau. Alikunywa, akamwagia mikono yake, akanitazama, akasema maji yana chumvi kidogo. Nilifurahi kuliko nilivyoweza kuonyesha.

Vipande vya raba nimevitundika bandani. Sasa ni vinne. Bango liko mlangoni na majina yote mawili. Kioko hajaandika.