Sauti ya Kukhu kwa Wimbo wa DJ

Edah uko? Unakumbuka ule wimbo wa DJ wa Ufini nilikutumia, wenye tumecheza saluni mwezi mzima? Ule wa mama anaimba katikati ya midundo.

Leo nimeuweka jikoni nikisonga obusuma. Mama akaingia na kuni, akaziangusha zote. Akasema, "Huyo ni mama."

Nikadhani anasema mama yeyote tu. Akarudia, "Huyo ni mama yangu."

Ni kukhu, Edah. Kukhu wetu wa Malava. Siku walizika mjomba Kizito kuna mgeni alikuja na mashine ya kurekodi, mama akiwa msichana. Kukhu haimbi pale. Analilia mtoto wake.

Na sisi tunacheza. Wewe hata ulitunga staili ya pale sauti inapanda. Mama anasema pale ndio jeneza lilikuwa linashuka.

Hajakasirika. Heri angekasirika. Aliketi tu na simu yangu sikioni, ndio sasa amenirudishia.

Ameniomba nitoe midundo, abaki na sauti peke yake. Nimemwambia haitoki.

Ameniambia nijaribu tena.